Kisumu au Kampala? Mwongozo kamili wa kulinganisha bei ya chakula na gharama ya maisha

Mdogo wangu alinipigia simu jioni, niko soko la Kibuye hapa Kisumu nafunga magunia. "Dada, nimepata kazi Kampala. Wananipa milioni moja na laki nane za Uganda." Akanyamaza kidogo ili nishangilie, nami nikashangilia kwa moyo wote. Halafu nikamuuliza, "Ya kununua nini?"

Swali hilo lilituchukua wiki kadhaa, daftari moja zima na safari mbili za Busia. Mimi nauza nafaka, yeye ni fundi wa mitambo mwenye mke na watoto wawili, na sote wawili tulikuwa tumeona jamaa wakihama kwa furaha ya tarakimu ndefu, kisha wakaanza kutumiwa pesa kutoka nyumbani. Hapa naeleza njia tuliyoifuata. Mfano wangu ni Kisumu na Kampala kwa sababu ndiyo safari yetu, lakini anayekwenda Mwanza au Kigali atapita njia hiyo hiyo. Namba za bei nitakazotoa ni za mviringo, za kuonyesha hesabu inavyokwenda. Zako utazitafuta mwenyewe, maana bei ya nyanya haimsubiri mtu.

Hatua ya 1: Andika mnachokula, si mnachodhani mnakula

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Unga kule ni pesa ngapi?" Hapo wamekwisha potea. Unga ni kitu kimoja. Nyumba inakula vitu arobaini.

Chukua daftari, uliweke jikoni, na kwa wiki mbili andika kila kinachoingia ndani ya nyumba na kiasi chake: unga, sukuma, omena, maharagwe, mafuta, sukari, majani ya chai, maziwa, mayai, sabuni, makaa au gesi, mkate wa watoto, hata chapati na madondo ya kibandani mchana. Wiki moja haitoshi, kwa sababu wiki ya mshahara na wiki ya kusubiri mshahara hazifanani. Ukimaliza, zidisha mara mbili upate mwezi, halafu ongeza vile vya mara moja kwa mwezi kama mtungi wa gesi.

Mke wa mdogo wangu ndiye aliyeliandika daftari letu, na lilitushangaza. Yeye mwenyewe angeapa kwamba pesa nyingi huenda kwenye nyama. Daftari likasema ni maziwa, mafuta na vile vitu vya shilingi hamsini hamsini vya dukani jioni. Orodha hiyo ndiyo kapu lako. Lisichanganye na kapu la mtu mwingine, hata awe jirani wa mlango wa pili.

Hatua ya 2: Pima kwa mizani, kila kitu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hesabu nyingi huharibikia, na ni jambo ninaloliona kila siku ya Mungu.

Huku kwetu tunanunua kwa gorogoro, kwa fungu, kwa debe, kwa gunia. Vipimo hivi vina faida zake sokoni, lakini huwezi kuvivusha mpaka. Kwangu gorogoro moja ya mahindi makavu, ikijazwa vizuri, inacheza kwenye kilo mbili. Gorogoro hiyo hiyo ya omena haifiki hata kilo moja, kwa sababu dagaa wale wakavu wana hewa nyingi kati yao. Kwa hiyo mtu akikuambia omena Kisumu ni kiasi fulani kwa gorogoro, na mwingine akakutajia bei ya kilo huko Kampala, bado hujalinganisha chochote.

Tena gorogoro zenyewe hazilingani. Nilipoanza biashara nilinunua maharagwe kwa muuzaji mmoja, gorogoro ishirini, tukahesabu pamoja kwa sauti. Nilipofika kwangu nikazipima upya kwa kopo langu, zikapungua. Kumbe kopo lake lilikuwa limegongwa kwenye kitako, chuma kimeingia ndani kama kiganja kilichokunjwa, na ukitazama kwa juu huoni kitu. Tangu siku hiyo natembea na mizani ndogo ya kuning'iniza. Inauzwa bei nafuu, inaingia kwenye mfuko wa mkoba, na haibishani na mtu.

Namna ya kufanya: weka mfuko mtupu kwenye mizani usome uzito wake, mimina gorogoro yako, soma tena, toa uzito wa mfuko. Fanya hivyo mara tatu kwa wauzaji watatu, halafu chukua wastani. Gawanya bei kwa kilo. Fungu la sukuma nalo lipime, la asubuhi na la jioni, maana muuzaji hupunguza majani kabla hajapandisha bei. Mkate, maziwa na sabuni soma kwenye pakiti: gramu na mililita, si ukubwa wa karatasi. Mayai hesabu kwa trei ya 30.

Upande wa nafaka kuna mtego mwingine. Gunia letu la mahindi hapa Kenya huhesabiwa kuwa kilo 90. Ukiambiwa bei ya gunia Uganda, uliza ni la kilo ngapi, kwa sababu la kilo 100 ni la kawaida kule. Tofauti hiyo ni moja ya kumi ya mali, na imewaingiza wengi hasara.

Hatua ya 3: Jua kitu hicho kule kinaitwaje

Hili ni fupi lakini usiliruke. Omena kwa Waganda ni mukene. Samaki mbuta ni mputa, na ngege inabaki ngege. Ugali wetu ni posho, na neno hilo hilo hutumika kwa unga wenyewe. Mchicha utauulizia kwa jina la dodo. Viazi mviringo watu wengi huviita Airishi. Na ukisema "teksi" Kampala watakuonyesha matatu, kwa hiyo mtu akikuambia nauli ya teksi ni rahisi usidhani ni gari la kukodi.

Hatua ya 4: Tafuta bei za kule kutoka soko ambalo utanunulia kweli

Kosa letu la kwanza lilikuwa Busia. Kutoka Kisumu ni kilomita mia moja na ushee tu, na mimi huenda huko kikazi, basi nikaona rahisi: nivuke upande wa pili, niandike bei za soko la Sofia, nirudi. Nilirudi na daftari limejaa, kumbe halina kazi. Busia ni mlango. Mizigo inapita pale mchana kutwa kwa miguu, kwa baiskeli na kwa malori, na kila kitu kinachokuwa rahisi upande mmoja huvuka mpaka bei zikaribiane. Hata neno boda boda lilizaliwa kwenye mipaka hii. Bei za mpakani zinakueleza nini kinafaa kufanyiwa biashara. Hazikuelezi mtu wa Kireka au Ntinda, mitaa ya Kampala, analipa nini jioni akitoka kazini, kilomita mia mbili mbele.

Tafuta mwenyeji. Sisi tulimpata binamu ya jirani anayeishi Bweyogerere, pembeni ya Kampala. Tulimtumia kapu letu kwa kilo, si kwa pesa, tukamwomba mambo matatu. Kwanza, anunue kama anavyonunua siku zote, kwa lugha yake, bila kusema ni kwa ajili ya mgeni. Pili, aandike bei za sehemu mbili: duka la mtaani na soko kubwa kama Nakawa au Kalerwe. Tatu, arudie baada ya wiki mbili. Alichukua jioni mbili tu, nasi tukamtumia kitu cha chai kwa shukrani. Usiombe kazi hiyo bure.

Supamaketi iache kwa vitu vya pakiti peke yake. Na zile orodha za mtandaoni ambazo mtu yeyote anaweza kujaza bei zitazame kwa tahadhari. Waliojaza mara nyingi ni wageni wanaonunua jibini na tufaha, na kwa mji kama Kisumu unakuta ni watu wachache sana waliochangia.

Kuna kipimo cha kukagua kazi yako. Shirika la Takwimu la Taifa la Kenya, KNBS, hutoa taarifa ya mfumuko wa bei kila mwisho wa mwezi, na ndani yake kuna bei za wastani za bidhaa kadhaa kama unga, nyanya, sukuma na nyama. Uganda nao wana UBOS, shirika lao la takwimu, na wao hugawa hesabu zao kwa miji: Kampala wameitenga kwa vipato vya watu, kisha kuna Jinja, Mbale, Mbarara, Gulu na mingine. Usizitumie kama bei zako. Zitumie kuona kama bei uliyoletewa iko mbali mno na wastani. Ikiwa iko mbali, uliza tena.

Halafu angalia kalenda. Uganda ya kusini huvuna mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwaka na mwishoni. Mahindi ya huku kwetu Nyanza huanza kuingia kuanzia Julai au Agosti, na ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yanafuata Oktoba hadi Desemba. Ukilinganisha mwezi wa Juni, wao wanavuna maharagwe mapya na sisi bado tunangoja mahindi. Utaona Kampala kama peponi. Ukilinganisha Desemba, picha inageuka. Omena nayo ina mwezi wake, na hapa nasema mwezi wa mbinguni: huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, mzigo unapungua na bei inapanda. Kwa hiyo usichukue bei ya omena ya siku hizo ukaiita bei ya omena.

Na kumbuka serikali. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu ya aflatoksini, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti. Nilikuwa na pesa zangu kwenye mahindi wakati huo. Siku zile hakuna mizani wala daftari lililosaidia. Kwa mlaji wa kawaida funzo ni dogo: ukichukua bei wakati wa mvutano wa mpakani, iandike pembeni na tarehe yake, uchukue nyingine mambo yakitulia.

Hatua ya 5: Badilisha fedha kwa kiwango utakachopewa wewe

Kuna kiwango cha benki kuu, cha duka la kubadilishia fedha, cha kutuma kwa simu, na cha wale wanaosimama Busia na mafungu ya noti mikononi. Vyote vinne havilingani. Utakachokitumia kwenye hesabu ni kile ambacho mshahara wako utapitia kweli, baada ya makato ya kutuma. Kule Uganda kuna pia kodi ya asilimia 0.5 unapotoa pesa kwenye simu, mbali na ada ya wakala. Ni ndogo, lakini ni kila mara.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba kiwango chenyewe hutembea. Januari 2024 shilingi yetu ilianguka hadi karibu 160 kwa dola, na shilingi moja ya Kenya ikawa karibu 24 za Uganda. Miezi michache baadaye ilikuwa imerudi kwenye 130 hivi kwa dola, na tangu hapo imekuwa ikicheza karibu na 28 za Uganda. Chukua nyumba ya kodi ya 500,000 za Uganda. Kwa kiwango cha 24 ni kama 20,800 zetu. Kwa 28 ni kama 17,900. Karibu shilingi 3,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba hajagusa bei.

Basi fanya hesabu mara mbili: kwa kiwango cha leo, na kwa kiwango kibaya zaidi ulichokiona miaka miwili iliyopita. Tena ujue kibaya kwako ni kipi. Atakayelipwa kwa fedha ya Uganda na kula Uganda haathiriki sana jikoni. Anaumia anapotuma pesa Kenya: ada ya shule, shamba, wazazi. Kwake siku mbaya ni ile shilingi ya Kenya inapopanda.

Hatua ya 6: Pima makapu mawili, si moja

Hii ndiyo hatua ambayo ningetaka kila mtu aishike, hata akisahau nyingine zote.

Ukichukua kapu la Kisumu ukalinunua Kampala, Kampala itaonekana ghali. Ukichukua kapu la Kampala ukalinunua Kisumu, Kisumu ndiyo itaonekana ghali. Hakuna aliyedanganya. Kila mji hula kwa wingi kile ambacho kwake ni rahisi.

Tazama vitu viwili tu, unga na ndizi za matoke, bei zote kwa shilingi ya Kenya na kwa kilo, ndizi zikiwa zimemenywa. Tuseme Kisumu unga ni 75 na matoke ni 80. Kampala unga ni 90 na matoke ni 45.

Nyumba ya Kisumu inakula kilo 24 za unga na kilo 6 za matoke kwa mwezi. Kisumu inalipa 2,280. Kapu hilo hilo Kampala ni 2,430. Kampala imezidi kwa karibu asilimia 7.

Nyumba ya Kampala inakula kilo 10 za unga na kilo 50 za matoke. Kwao ni 3,150. Ukilibeba kapu hilo hadi Kisumu ni 4,750. Kampala imekuwa rahisi kwa karibu asilimia 34.

Jibu ni lipi? Gawanya gharama ya Kampala kwa ya Kisumu kwa kila kapu: 2,430 kwa 2,280 ni 1.066, na 3,150 kwa 4,750 ni 0.663. Zidisha namba hizo mbili, upate 0.707, kisha tafuta kipeuo cha pili kwenye simu yako: 0.84. Yaani kwa wastani wa haki Kampala ni rahisi kwa asilimia 16 kwenye vyakula hivyo viwili. Wanauchumi wamebishana juu ya makapu haya tangu karne ya kumi na tisa: Mjerumani Laspeyres alipendekeza kapu la kwanza mwaka 1871, mwenzake Paasche akapendekeza la pili mwaka 1874, na baadaye Mmarekani Irving Fisher akatetea njia hii ya kuyazidisha na kutafuta kipeuo. Mama yeyote aliyeolewa mbali na kwao angewaambia jambo hilo hilo bila kalamu.

Sasa tumia akili kwenye jibu hilo. Miezi mitatu ya kwanza ugenini ulimi bado ni wa nyumbani. Watoto watalilia ugali na sukuma, nawe utanunua. Kwa hiyo kwa miezi hiyo tumia kapu la kwanza, lile la 1.066. Ukishazoea, ndipo utafikia 0.84. Asiyependa matoke kabisa asijihesabie nafuu ambayo hataila.

Na kuna shibe. Kilo ya unga wa mahindi ina nguvu ya kama kalori 3,600. Kilo ya matoke iliyomenywa ina kama 1,200, theluthi tu, kwa sababu sehemu kubwa ni maji. Kwa bei za mfano wetu, kalori elfu moja za unga hapo Kampala zinagharimu shilingi 25, na za matoke zinagharimu 37 na ushee, ingawa kilo ya matoke ni nusu ya bei ya unga. Mwenye vijana wanne wa sekondari mezani atauona ukweli huu wiki ya kwanza. Kwa vyakula vya kushibisha, andika safu ya pili pembeni ya bei ya kilo: bei ya kalori elfu moja. Kwa mboga na matunda usijisumbue nayo.

Hatua ya 7: Nje ya jiko

Nyumba ndiyo kubwa. Linganisha nyumba zinazolingana: vyumba vingapi, choo ndani au nje, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na ni dakika ngapi hadi kazini. Kisumu mtu wa Migosi au Mamboleo kwa kawaida hulipa kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja. Kampala wenye nyumba wengi hutaka miezi mitatu mbele, wengine hata sita. Kodi ya mwezi inaweza kuwa unaimudu kabisa na bado ukashindwa kuingia ndani ya nyumba, kwa sababu huna ya miezi mitatu kwa mkupuo. Uliza hili mapema kabla hujauliza rangi ya kuta.

Umeme pande zote ni wa kulipia kabla. Hapa tunanunua tokeni. Kule wanaita Yaka, na tangu tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni iliyoitwa Umeme kwisha. Usilinganishe bei ya yuniti moja peke yake. Hapa anayetumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi yuko kwenye daraja la chini la bei, na kule nafuu ni ya yuniti 15 za kwanza. Chukua yuniti zako za mwezi mzima, muulize mwenyeji yuniti hizo zingemgharimu kiasi gani, basi.

Mafuta ya gari hapa hutangaziwa bei ya juu na EPRA, mamlaka ya nishati, kila tarehe 14 ya mwezi. Uganda kila kituo hupanga chake, kwa hiyo bei ya kituo kimoja si bei ya mji. Nauli ihesabu kwa safari zako halisi. Kisumu tuktuk na boda humaliza kazi kwa sababu mji ni mdogo. Kampala ni kubwa, foleni ni ndefu, na wengi hupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Mtu mmoja mwenye kazi na watoto wawili wa shule, wote wakipanda hivyo, ni nauli kumi na mbili kwa siku, ukiwa mbali.

Shule: elimu ya msingi ya serikali haina ada pande zote mbili, Uganda tangu 1997 na sisi tangu 2003, lakini wazazi wengi wa mjini hulipia shule za binafsi. Omba karatasi ya ada ya muhula yenyewe, pamoja na orodha ya mahitaji, maana kule mtoto anaweza kuagizwa karatasi za kuandikia, fagio na karatasi za choo kila muhula. Mihula ni mitatu. Zidisha, gawanya kwa 12. Mwaka wao wa shule huanza Februari na mtaala ni mwingine, kwa hiyo mtoto wa Gredi ya 7 usidhani ataingia tu darasa lenye namba hiyo.

Matibabu: hapa unakatwa SHIF, mfuko wa bima ya afya ya jamii. Kule hospitali za serikali ziliondolewa ada mwaka 2001, lakini dawa ikikosekana unanunua nje, na zahanati ya binafsi ni mfuko wako au bima ya kazini. Muulize mwajiri bima inawagusa na watoto au ni mfanyakazi peke yake. Andika jibu.

Hatua ya 8: Mshahara wa mkononi

Milioni moja na laki nane, kwa kiwango cha 28, ni 64,285 za Kenya. Mdogo wangu alikuwa akilipwa 55,000 hapa. Alijiona ameongezwa zaidi ya elfu tisa. Tukakaa tukakata, kwa viwango vya mwaka 2025.

Kisumu, kwenye 55,000: NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6 ni 3,300. SHIF asilimia 2.75 ni 1,512. Makato ya serikali ya nyumba nafuu asilimia 1.5 ni 825. Kodi ya mshahara, PAYE, baada ya kuondoa hayo na nafuu ya 2,400, ni kama 7,192. Mkononi: 42,170.

Kampala, kwenye 1,800,000: NSSF yao mfanyakazi hukatwa asilimia 5, ambayo ni 90,000, na mwajiri huweka 10. Kodi yao ya mshahara haigusi 235,000 za kwanza, lakini ukipita 410,000 unalipa 25,000 na asilimia 30 ya kinachozidi. Hiyo ni 442,000. Kuna pia kodi ya mitaa, kwa mshahara huu 100,000 kwa mwaka, kama 8,333 kwa mwezi. Mkononi: 1,259,667, yaani karibu 45,000 za Kenya.

Ile elfu tisa na ushee imebaki elfu mbili na mia nane. Akaliangalia daftari muda mrefu bila kusema kitu.

Hatua ya 9: Kusanya yote

Kwanza ziweke gharama za mara moja: lori, dipoziti, sare za shule, jiko jipya, safari ya kwenda kutafuta nyumba. Zetu zilifika 36,000. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, kwa hiyo 1,500 kwa mwezi. Kisha weka safari za nyumbani. Hapa watu hujidanganya. Kuna Krismasi, kuna matanga, na huwezi kumwambia mama kwamba nauli haikuwa kwenye hesabu. Tukaweka 1,500 nyingine kwa mwezi.

Kisumu ilitoka hivi: chakula 14,000, nyumba 10,000, nauli 3,000, shule 6,000, umeme na maji na gesi 3,500, simu 1,500. Jumla 38,000. Kwenye 42,170 anabaki na 4,170.

Kampala: chakula 13,500, nyumba 14,000, nauli 4,500, shule 7,000, umeme na maji na moto 3,500, simu 1,500, nyumbani 1,500, kuhama 1,500. Jumla 47,000. Kwenye 45,000 anapungukiwa 2,000 kila mwezi.

Usiishie hapo ukasema "basi siendi". Geuza hesabu. Ili abaki na 4,170 zile zile, alihitaji mkononi 51,170, ambayo ni 1,432,760 za Uganda. Ukirudi nyuma kupitia kodi na NSSF, mshahara wenyewe unakuwa kama 2,070,000. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo kwa mwajiri, na unaweza kumwonyesha imetoka wapi.

Alienda nayo. Hakuomba huruma, alipeleka ukurasa mmoja: makato, kodi ya nyumba ya miezi mitatu mbele, ada ya shule. Wakampandisha hadi milioni mbili na wakakubali kulipia lori na miezi mitatu ya kwanza ya nyumba. Tukarudi kwenye daftari, tukafuta ile 1,500 ya kuhama, tukaandika upya, namba zikakaa.

Yuko Kireka sasa. Mizani yangu ya kuning'iniza alihama nayo, nami nikanunua nyingine. Kila mwisho wa mwezi mkewe hunitumia picha ya ukurasa wa daftari, kilo na bei, nami namtumia wa kwangu wa Kibuye. Mwezi uliopita maharagwe ya njano yalikuwa yameshuka kule, basi nikamwomba aniulizie bei ya gunia. La kilo 100.